Kuku Sipeleki

Rwamgasa, Ijumaa jioni

Mwanangu Minza,

Salamu naziruka, maana tumeshinda wote tangu asubuhi na nusu ya muda huo tumenuniana. Sasa umekwenda kumwona shangazi yako, na namjua yule, akianza hadithi hakuachii mkono. Nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Nakuandikia kwa sababu tukizungumza wewe unalia na mimi nafoka, halafu hakuna anayemsikia mwenzake. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, lile ulilolifungua tena jana na kuzirudisha nguo kwenye kamba. Uisome leo kabla hujalala.

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kuchagua marafiki. Umelelewa, unajua. Ninachotaka ni kukujibu lile neno lako la jana: "Mama, ama twende wote Dodoma, ama mimi sibanduki hapa." Jibu langu ni kwamba wewe utaondoka kesho na basi la alfajiri, na mimi nitabaki. Najua umeshakasirika. Endelea kusoma.

Hofu yako naielewa, na wala si ya kijinga. Mimi mwenyewe ninaogopa, sitakudanganya. Doto alikuwa mtoto wa watu kutoka Ushetu, na tangu aje kuchimba hapa alikuwa anakula kwangu kama wachimbaji wengine, akiniita mayu, mama. Asubuhi ile, baada ya mvua kunyesha usiku kucha, alikunywa chai na chapati kwenye benchi langu akiwa ameshavaa gambuti. Nikamwambia, "Doto, leo usishuke. Hilo duara limelewa maji." Akacheka na wenzake, akasema, "Mayu, bosi akikusikia atakuajiri uwe injinia!" Akashuka. Jua halijafika utosini shimo la duara likaporomoka, na walipomtoa alikuwa ameshakufa.

Niliyamwaga maneno yale mbele ya benchi zima, kila mtu akayasikia. Ningekuwa na akili ningenyamaza, au ningemvuta pembeni. Kabla hata matanga hayajaisha, watu wakaanza kuulizana: alijuaje? Nimekaa kwenye machimbo haya tangu hujazaliwa, nimeona mashimo yakimeza watu kila masika, halafu naulizwa nilijuaje! Lakini swali likishatoka mdomoni halirudi. Kutoka hapo wakaanza kunitazama macho.

Haya macho yangu mekundu. Unajua yametokana na nini, kwa sababu umekulia kwenye moshi huo huo. Kuni za hapa ni mabaki ya matimba, yale magogo ya kuegemeza kuta za duara, yanatoka shimoni yamelowa matope na ukiyawasha yanatoa moshi mpaka mbwa anahama. Nimepikia hayo miaka yote. Nesi wa zahanati amenipa matone, nayatia, yanapoza kidogo kisha asubuhi narudi jikoni.

Juzi, ulipokuwa umekwenda Geita kukata tiketi, alikuja Masalu, mwenye lile duara lililoporomoka. Sikukueleza yote aliyosema, nilikupa nusu. Alikuja na adabu zake zote, kofia mkononi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Karibu, chai ipo."

"Chai siku nyingine. Mayu, sisi hatukulaumu. Ila vijana mioyo yao haijatulia, hawataki kushuka. Tumeona Jumamosi tukutane pale kwa mwenyekiti, baadaye twende kimya kimya kwa mfumu mmoja, mganga wa ng'ambo ya kijito. Wewe lete kuku wako mwenyewe, usije ukasema tumekuchagulia. Kuku akiwa msafi, mambo yamekwisha."

"Na matimba ya lile duara, nani aliyakagua?"

Akatazama chini. "Mayu, tusichanganye mambo."

"Serikali si imepiga marufuku ramli chonganishi?"

"Ndiyo maana nikasema kimya kimya. Kama uko safi, mayu, unaogopa nini?"

Hilo neno la mwisho nililisikia zamani, kwa sauti nyingine, mahali pengine. Ndipo nikajua lazima nikusimulie. Wewe unakwenda kwenye ofisi ya vitabu kuandika historia ya mikoa yetu kwa ajili ya watoto wa shule, Shinyanga na Geita, mambo ya kale na watu mashuhuri. Usiondoke ukiwa hujui yako mwenyewe.

Unakumbuka ulipokuwa sekondari, tukichambua mchele jioni, ulivyokuwa unanisomesha? Ulikuwa mwalimu mkali. Ulinieleza habari za almasi ya Mwadui, ile ya rangi ya waridi iliyosafiri mpaka Uingereza kuwa zawadi ya arusi, na mimi nikakuuliza kama bwana arusi naye alipewa jembe, ukachukia. Ulinieleza dhahabu ya Geita ilivyoanza kuchimbwa enzi za wakoloni, mgodi ukafungwa, baadaye ukafunguliwa mwingine mkubwa zaidi. Watemi, wapagazi waliobeba mizigo hadi pwani, wacheza ngoma za nyoka, sungusungu walivyoanzia kwetu huku kupambana na wezi wa ng'ombe. Nilikuwa nasahau majina makusudi ili uyarudie, maana nilipenda kukusikia.

Siku moja ukanieleza habari ya miti. Ukasema wakoloni waliamuru pori lifyekwe Shinyanga ili kufukuza mbung'o, kisha ikaja pamba nayo ikataka mashamba, nchi ikabaki uwazi mtupu hata ikaitwa jangwa, mpaka watu waliporudia tena kutenga ngitili, yale malisho yanayofungwa nyasi na miti ipate kuota. Ulikuwa unajiandaa na mtihani, ukataja sababu na matokeo. Nikaacha kupepeta. Uliniuliza, "Mama, umeumwa?" Nikasema vumbi la pumba. Haikuwa pumba, mwanangu. Wewe ndiye uliyenifungua akili siku hiyo, bila kujua. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini kule kwa baba yako tulikuwa tunapikia kinyesi cha ng'ombe na mashina ya pamba. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo. Kuni hazikuwepo kwa sababu miti haikuwepo, na moshi wa kinyesi unaujua wewe? Hujawahi kuuonja. Unaingia jichoni na kukaa. Kila mwanamke aliyezeekea kwenye majiko yale alikuwa na macho mekundu. Na kila mwenye macho mekundu alikuwa anasubiri tu mtoto wa jirani afe kwa homa, naye aitwe mchawi.

Bibi yako Kwandu alikuwa mmoja wao.

Ulipokuwa darasa la tano uliandika insha: "Wazazi wangu walikuja Rwamgasa kutafuta dhahabu." Mwalimu akakupa alama zote na mimi nikakupikia maandazi. Hatukuja kutafuta dhahabu. Tulikimbia. Dhahabu tuliikuta tu huku, na baba yako, Mungu amrehemu, aliichimba mpaka anakufa bila kuipenda.

Wewe unamkumbuka bibi kama mzee aliyekaa ndani, kwenye pembe ya chumba, asiyependa jua. Hukumjua alivyokuwa. Kijijini kwake Shinyanga aliongoza nyimbo za kulima. Makundi ya jembe ya vijiji vya mbali yalituma watu kumwomba, na siku akisimama mbele ya mstari na ngoma ikipigwa, watu walilima kwa mapozi, majembe yakirushwa juu na kudakwa, shamba likaisha bila mtu kukumbuka kuchoka. Mimi nilipoolewa pale niliwahi kuolewa na sauti yake kwanza, ndipo nikaanza kumzoea baba yako. Akipita njiani watoto walimfuata. Hao unaowaita watu mashuhuri, sisi tulikuwa na wetu, anasonga ugali nyumbani.

Kisha mtoto wa jirani akafa kwa homa ya siku chache tu. Bibi alikuwa ameenda kumwona na kumshika paji la uso. Basi. Wazee wakaja na adabu, kama Masalu, wakasema hawamlaumu mtu, wanataka mioyo itulie. Twende kwa mfumu, mje na kuku wenu. Bibi alikataa. Alisema, "Sina kesi. Kuku anihukumu ana akili gani kunizidi?" Alikataa kabisa, Minza, na angeendelea kukataa.

Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilikuwa bado mgeni pale ukweni, nilimpenda, na nilitaka yaishe haraka. Nikamwambia, "Mama, tukienda wataona wenyewe. Kama uko safi, unaogopa nini?" Nikaingia bandani nikachagua kuku mwenyewe, yule mwenye afya kuliko wote, nikadhani afya ya kuku itasaidia. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Bibi alimtemea yule kuku mate mdomoni kama alivyoelekezwa, mfumu akampasua, akaangalia chini ya mbawa na kwenye utumbo kwa muda mrefu mno. Hakusema mchawi. Alisema tu, "Pana doa dogo karibu na ubawa." Akanawa mikono.

Doa dogo lilitosha. Hata leo sijui kama lilikuwepo. Mimi sikuliona na nilikuwa nimesimama karibu. Lakini tulikuwa tumekwenda kwa miguu yetu, na kuku alikuwa wetu. Tungebishaje? Mtu akishampeleka kuku amekubali kwamba kuku anaweza kusema. Hapo ndipo nilipokosea, na sikuelewa mpaka nilipokwishazeeka.

Sungusungu wa pale hawakumpiga, walimtenga. Likatoka tangazo kwamba asisalimiwe, asipewe moto, asiitwe shambani. Kisimani wanawake walivuta ndoo zao akikaribia. Nyimbo za kulima wakampa mwanamke mwingine, tena aliyefundishwa na yeye. Baba yako alivumilia, kisha akasikia panga linanolewa kwa ajili yetu, hivyo ndivyo walivyomwambia, na hatukungoja kuhakiki. Siku ya mnada, watu walipokwenda na ng'ombe zao, tukafunga vitu tukaondoka. Baadaye tulisikia walivyosema: wangekuwa wasafi wasingekimbia. Sijawalaumu sana. Ukitazama kwa nje, lingine la kufikiri lilikuwa lipi?

Huku Rwamgasa nilifanya kosa la pili, na hili linaniuma kuliko la kwanza. Machimbo yana watu wa kila mahali, nikaogopa atatokea mtu wa kule amtambue. Nikamweka ndani. Nikawaambia majirani anaumwa macho, jua linamdhuru. Mwanzoni alikuwa anaimba humo chumbani akichambua dagaa, na nyumba ya mabati haifichi sauti. Nikamwendea, nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, nakuomba, usiimbe. Sauti yako inajulikana." Alinitazama. Akasema, "Haya, mwanangu." Hakuimba tena kwa kufungua mdomo mpaka anakufa. Unakumbuka alivyokuwa anakubembeleza kwa kuguna, midomo imefumbwa? Uliwahi kuniuliza kama bibi hana meno. Alikuwa nayo, mazuri tu.

Tulimzika kimya kimya, wachache. Hakuna aliyesimama kaburini kusema huyu alikuwa nani. Kule kwao hawamtaji, huku hawakumjua. Mtu aliyelimisha nusu ya wilaya kwa sauti yake ameondoka kama hajapita. Na aliyemfunga ni mimi, kwa upendo. Wenye mapanga walimwachia jua na hewa. Mimi niliyempenda nilimwondolea vyote viwili.

Sasa unanielewa kwa nini jana nilikupigia kelele uliposema nitakaa kwako Dodoma, chumba kipo, sitahitaji hata kutoka. Sitahitaji hata kutoka! Ulikuwa unanipenda wewe, najua. Nilijisikia mimi mwenyewe nikisema na bibi yako. Nikakutukana, na neno lile baya nililokuita naomba ulisamehe.

Kubaki kwako nako hakutanisaidia. Ukiacha kazi ukae kunilinda watasema hata mtoto wake amemloga asiondoke. Nawajua. Utakaa mlangoni mwaka mzima ukitazama njia, kazi watampa mwingine, na kitabu cha watoto kitaandikwa na mtu asiyejua moshi wa kinyesi.

Usidhani najitupa tu kama mwendawazimu. Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji, nimemweleza habari ya Masalu na mfumu wake, tena mbele ya mashahidi. Kituo cha polisi wamechukua maelezo. Nesi amesema atakuja mkutanoni aeleze habari za macho na moshi, kama hatapata mgonjwa. Mwenyekiti ni mtu wa kuyumba, ila anaogopa sheria, na uoga wake huo utatufaa. Shangazi yako atalala kwangu na vijana wake wiki hii na ijayo. Haya yote ni kidogo, najua. Ni zaidi ya aliyoyapata bibi.

Lingine sijakwambia. Leo mchana, ulipotoka kidogo kwenda sokoni, mama yake Doto aliingia jikoni kwangu. Nilisimama nikidhani amekuja kunitemea mate.

"Mwadila, mayu," akasema.

"Mwadila. Pole, mayu. Pole sana."

"Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu asishuke?"

"Ndimi."

"Yeye alikujibu nini?"

Nikamweleza ile ya injinia. Akacheka, kweli akacheka, kisha kicheko kikamgeukia akakaa kwenye benchi na kulia mpaka akaloa kifuani. "Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Kila kitu mzaha." Nikampa maji. Alipomaliza kujifuta ndipo nikamwona vizuri. Mwanangu, macho yake ni mekundu kuliko yangu. Ushetu ni nchi ya tumbaku, na maisha yake yote amekausha tumbaku, analala nje ya bani, lile banda la kukaushia, akichochea moto. Naye akawa ananitazama yangu.

"Unatia dawa?" akauliza.

"Natia matone."

"Mimi niliacha. Moshi wa bani haujali matone." Akanirudishia kikombe. "Huyo Masalu ameniambia kesho nikae upande wa wafiwa, nisiseme kitu. Watasema wao."

"Na wewe utasema nini?"

Akainuka, akakung'uta kanga yake. "Nitakuja kusikiliza," akasema, akaenda zake.

Sijui maana yake. Nimeligeuza neno hilo tangu mchana, sijapata. Huenda akakaa upande wao kweli na kunyamaza. Huenda akanionyesha kidole, mwanawe kafa, nani atamlaumu? Simwekei matumaini mtu mwenye msiba mbichi. Nitakwenda vilevile, awe upande wowote.

Nitakachosema nimeshakipanga, ni kifupi. Nitasema nilijua kwa sababu mvua ilinyesha. Nitawauliza wachimbaji wote waliokaa pale, mmoja mmoja kwa majina, maana wote wanakula kwangu, nani kati yenu hakujua? Nitamuuliza Masalu matimba yalikuwa wapi. Wakisema lete kuku, nitasema hapana. Watauliza, kama uko safi unaogopa nini. Nitawajibu kwamba nakiogopa kile kilichompata Kwandu, na nitalitamka jina lake, na kijiji chake, kwa sauti kubwa. Litakuwa limetamkwa mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu tukimbie.

Wewe nakuomba mambo mawili tu. Kesho usinipigie simu njiani kila dakika. Nitapiga mimi yakiisha, na nikichelewa usishuke kwenye basi. Na huko ofisini, watakapokuomba watu mashuhuri wa Shinyanga, watajie wote uliowasoma, wanastahili, sikatai. Kisha mwandike na yule aliyekuwa akiimba watu wakalima. Wakikuuliza ushahidi, sema alikulea. Usiandike kwamba alikuwa mchawi wala kwamba hakuwa mchawi; usimtetee kwa jambo hilo, ni kumpeleka tena kwa kuku. Andika tu kwamba aliimba, na jina, na mahali.

Nasikia sauti yako na ya shangazi yako kwa mbali, mnacheka. Funga begi, mwanangu. Alfajiri utanikuta nimeshaamka, nitakusindikiza hadi stendi na hatutaongea lolote la maana. Basi likishaondoka nitarudi kuoga na kuvaa lile gauni la kanisani. Mkutano wanafanyia uwanjani pale kwa mwenyekiti, na wanawake wa makamo yangu hukaa nyuma, kivulini, ukutani mwa ofisi. Mimi nitachukua benchi langu la jikoni nilibebe kichwani, niliweke mbele kabisa, juani, waniangalie macho mpaka wachoke.

Ni mimi,
Mama yako